Maneno Ambayo Shosho Hakuyasema

Jumanne ilikuwa siku ya magunia. Kabla Wariara hajavaa sare ya shule, tayari alikuwa amekaa bandani pamoja na nyanya yake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Dundori, wakichagua viazi. Vikubwa huku, vya wastani kule, vilivyokatwa na jembe kwenye karai la kupikia, na vile vidogo kama gololi pembeni kabisa, chakula cha ng'ombe. Asikudanganye mtu, kazi hiyo huvunja mgongo. Lakini Shosho, kama Wariara alivyomwita, aliifanya polepole na kwa makini, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Kuna jambo ambalo watoto wa mjini hawalijui kuhusu viazi, basi acha nilieleze. Gunia lina tumbo na lina mdomo. Mkulima mjanja huficha vidogo na vibovu tumboni, kisha akapamba mdomo kwa viazi vikubwa vinavyong'aa. Mnunuzi naye si mjinga. Ndiyo maana madalali wanaotoka Nakuru hukata mshono na kumwaga gunia zima chini kabla ya kulipakia kwenye lori. Kumwagiwa gunia mbele ya majirani ni jambo la kawaida Dundori na watu hawakasiriki.

Magunia ya Shosho, hata hivyo, hayakuwa yakimwagwa. Aliyashona mdomo kwa uzi wa buluu, na Maxwel, dalali aliyekuja na lori lake kila Jumanne, akiuona uzi huo humwambia mpakiaji, "Hilo pakia tu. Ni la Mama Kihara."

Mama Kihara ndiye huyo Shosho. Kihara, mwanawe, alifanya kazi pamoja na mkewe katika mashamba ya maua kule Naivasha, na walikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Binti yao wa kwanza, kwa desturi ya Wakikuyu, alipewa jina la mama wa baba. Kwa hiyo nyanya alikuwa Wariara na mjukuu alikuwa Wariara, na wawili hao waliishi nyumba moja.

"Jina hili tumelivaa wawili kama blanketi," Shosho alipenda kusema. "Ukilichafua upande wako, nami nimechafuka."

Wariara alikuwa amelisikia hilo tangu akiwa mdogo. Lilikuwa limeshazoeleka sikioni mwake kama mlio wa kuku.

Ijumaa moja Mwalimu Chepkurui, aliyefundisha Kiswahili darasa lao la sita, aliingia na kikapu chenye vikaratasi. Alisema kwamba Kiswahili ni nyumba iliyokaribisha wageni wengi, na kila mgeni aliacha maneno mlangoni. Nusu ya darasa iliokota vikaratasi vyenye majina ya lugha za mbali, watafute maneno yaliyotoka huko. Nusu nyingine ilipewa maneno, wakaulize mzee mmoja yalitoka wapi, waandike alivyosema pamoja na jina lake.

Kibii, mvulana mpole aliyeketi nyuma ya Wariara, aliokota lugha ya Waberiberi. Alikigeuza kikaratasi juu chini.

"Hawa ni watu wa wapi, Mwalimu?"

"Wa Afrika ya Kaskazini, huko milimani na jangwani."

"Na nikimuuliza mzee akasema hajui?"

"Andika kwamba hajui," alisema Mwalimu Chepkurui. "Halafu tutafungua kamusi pamoja. Kuuliza si ujinga, na kutojua si kosa."

Wariara alipata maneno matano: gari, debe, gunia, chapati na laki. Alicheka kimoyomoyo. Hayo ni maneno ya jikoni na bandani, kuna kazi gani hapo?

Jumamosi alipomaliza kukama alikwenda kwa rafiki yake Shiru, ambaye kaka yake alikuwa na simu yenye michezo. Walicheza mpaka macho yakawasha. Jumapili walitoka kanisani wakaurudia mchezo palepale walipouachia. Jioni ilipoingia ndipo Wariara alipokumbuka kazi ya Mwalimu.

Shosho alikuwa jikoni akipuliza moto. Ilikuwa hatua chache tu kumfikia na kumuuliza. Lakini Wariara hakwenda, na hapa nitasema ukweli wote, maana uvivu haukuwa sababu ya pekee. Nyanya yake alikuwa amesoma mpaka darasa la pili tu. Wenzake wengine walikuwa na mababu waliostaafu ualimu, watu wenye miwani na mikoba. Yeye angeandika nini? Kwamba nyanya yake amebeba debe kichwani maisha yake yote wala hajui neno hilo lilitoka wapi? Alimwonea nyanya yake haya. Aliona heri kumbuni nyanya mwingine, mwenye majibu.

Basi akakaa kitandani akaandika. Gari, aliandika, ni jina la mzungu aliyeitwa Gary, aliyekuwa na shamba karibu na Dundori. Yeye ndiye aliyeleta motokaa ya kwanza, na watoto wakiiona walikimbia wakiita, "Gary anakuja, Gary anakuja." Debe ni sauti ya mvua ikipiga bati tupu. Gunia lilitokana na wapagazi wa reli waliokuwa wakiguna wakiinua mzigo. Chapati ilitokana na mpishi aliyeitwa Pati, ambaye bwana wake alimwambia kila asubuhi auchape unga. Na laki ilitoka kwenye neno la Kiingereza la bahati, kwa kuwa mwenye laki ana bahati. Kadiri alivyoandika ndivyo uongo ulivyomnogea. Mwishoni akaweka: "Haya yote nilielezwa na nyanya yangu, Wariara wa Dundori, na mengine aliyaona kwa macho yake."

Jumatatu aliposoma, darasa lilicheka, likapiga makofi. Mwalimu Chepkurui mwenyewe alitabasamu, akasema haya ni masimulizi ya thamani. Kisha akasimama Kibii. Alikuwa na karatasi karibu tupu.

"Nilimuuliza babu, akasema hajui," alianza. "Nikamuuliza mama mmoja wa supamaketi huko mjini. Akanionyesha pakiti ya kuskusi, chakula kama ugali uliovunjikavunjika. Mwalimu wa maktaba akasema jina hilo lilitoka kwa Waberiberi, Waarabu wakalieneza. Nimepata moja tu."

Darasa zima lilimcheka. Wariara alicheka kuwashinda wote.

"Moja la kweli latosha," alisema Mwalimu, na Kibii akaketi akiinamisha kichwa.

Kazi ya Wariara iliandikwa upya kwenye karatasi kubwa ya manjano, ikabandikwa ukutani kwa ajili ya Siku ya Wazazi, ambayo ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Jina la nyanya liliandikwa chini kwa herufi nene. Wariara alipoliona pale juu, kitu kilimchoma kidogo kifuani. Akajiambia kwamba watu hawasomi karatasi za ukutani.

Jioni ya siku iliyofuata alimkuta Shosho amekaa kwenye kibago, simu bado mkononi, uso umechangamka.

"Mwalimu wako amenipigia," alisema. "Anasema Ijumaa nije, wanataka kunishukuru mbele ya wazazi. Watanipa na shuka. Ati nimeisaidia shule. Sasa mami, mimi nimeisaidia shule kwa lipi?"

Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema. Mlango ulikuwa wazi na njia ilikuwa fupi.

"Ni mambo ya viazi, Shosho," alijibu. "Niliandika kuhusu viazi vyako."

Shosho alicheka kwa furaha, akaenda kulitoa sandukuni gauni lake la buluu, lile la harusi na Krismasi. Wariara alijaribu kumzuia. Alisema Ijumaa kutakuwa na mvua. Alisema viazi vinahitaji kupigwa dawa. "Vitangoja," alisema Shosho akilipiga gauni pasi. "Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa shuleni kwa jambo zuri."

Wariara alikwenda kulala bila kula. Alisema tumbo linamuuma, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuwa akidanganya.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mgeni wa heshima alikuwa Bwana Jayant, mzee mwembamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, ambaye alikuwa ameipa shule bati za darasa jipya. Alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha sokoni. Kabla ya hotuba, Mwalimu Chepkurui alimzungusha kuona kazi za wanafunzi, na wazazi wakafuata nyuma. Wariara alikuwa amewekwa asimame kando ya karatasi yake ya manjano. Shosho aliketi mstari wa mbele katika gauni lake, mikono mapajani. Shuka jekundu lilikuwa limekunjwa juu ya meza likimngoja.

Bwana Jayant alisimama mbele ya karatasi, akasoma kwa sauti. Alipofika kwa Gary, alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyefurahi tu.

"Bwana Gary," alisema akipangusa macho. "Nyanya yangu huko Gujarat, India, alipanda gari la ng'ombe. Wao husema *gadi*. Hakumjua Gary yeyote, jamani. Na huyu mpishi Pati? Huyu ametoka wapi?"

Watu wakacheka naye. Akauliza, bado akitabasamu, "Ni mzee gani aliyewapa hadithi hizi? Nataka nimwone."

Mwalimu Chepkurui, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, alimtazama Shosho. Watu wote wakafuata macho yake. Shosho alisimama taratibu, akidhani ndipo anaitwa kushukuriwa.

"Ni wewe, Mama?" aliuliza Bwana Jayant. "Ni wewe uliyemwona huyo Gary kwa macho?"

Shosho hakuelewa. Alisogea karibu na karatasi, akasoma kama alivyosoma Biblia, midomo ikienda pamoja na macho. Alisoma mstari kwa mstari. Alifika chini, penye jina lake. Kisha akageuka, akamtazama mjukuu wake.

Wariara alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa na sekunde kadhaa za kusema, "Hakusema yeye, ni mimi." Maneno hayo yalimjaa kinywani kama uji wa moto. Akayameza.

"Kama jina langu liko hapo," Shosho alisema, "basi hadithi hizi zimetoka nyumbani kwangu. Mniwie radhi."

Akarudi kuketi. Nyuma kabisa mtu alicheka, mwingine akanong'ona kwamba wazee nao wakikosa la kusema hutunga. Bwana Jayant aliacha kutabasamu. "Pole, Mama, sikuwa na nia mbaya," alisema, akaondoka pale haraka. Hotuba zilisomwa, ngoma zikachezwa, soda zikanywewa. Shuka jekundu lilibaki mezani limekunjwa vilevile.

Njiani kurudi nyumbani Wariara alingoja kukaripiwa. Hakukaripiwa. Nyumbani alingoja kiboko. Hakikuja. Shosho alivua gauni, akalikunja, akalirudisha sandukuni, akasema, "Kalete maji, giza linaingia." Wakati wa chakula alimpakulia nyama nyingi kuliko yake mwenyewe, kama kawaida. Laiti angempiga. Wariara alikula bila kuthubutu kuinua macho.

Jumapili, mlangoni pa kanisa, mama mmoja alimsalimu Shosho akicheka, "Na Gary hajambo?" Shosho akajibu hajambo, akaingia ndani. Wariara alibaki nje akijifanya anafunga kamba za viatu mpaka wimbo wa kwanza ukaisha.

Ikafika Jumanne. Magunia yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, midomo imeshonwa uzi wa buluu. Lori la Maxwel liliteremka likiguruma na majirani wakasogea na magunia yao. Maxwel aliruka chini. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mzaha kupita kiasi.

"Sasa, mathe," alimwambia Shosho. "Nimesikia habari za Gary mpaka Nakuru."

Maxwel alilizunguka gunia la kwanza, akaligusa kwa ncha ya kiatu, akajikuna shingo.

"Mathe, usinielewe vibaya. Leo wacha tumwage moja. Moja tu. Unajua watu wanasema maneno, na mimi viazi ninawapelekea watu wengine."

Hata wapakiaji walisimama. Tangu Wariara apate akili hakuwahi kusikia mtu akitaka kumwaga gunia la Shosho. Alimtazama nyanya yake, akaona jinsi kidevu kilivyotetemeka kidogo kisha kikatulia.

"Mwaga," alisema Shosho.

Maxwel alikata uzi wa buluu kwa kisu, gunia likapinduliwa. Viazi viliporomoka juu ya nyasi. Vya mdomoni vilikuwa vizuri, vya katikati vizuri, vya chini kabisa vizuri vilevile. Hakikuwemo hata kimoja cha kuaibisha. Maxwel aliviangalia, akakohoa, akasema, "Haya, nimeona." Lakini majirani nao walikuwa wameona, na uzi ulikuwa umeshakatika.

Shosho aliinama akaanza kuokota kiazi kimoja kimoja. Alikuwa na maumivu ya goti, na aliinama kwa tabu. Wariara hakuweza kuvumilia tena. Alipiga magoti kando yake, akashika kiazi, machozi yakamtoka kabla hajafungua kinywa.

"Shosho hakuyasema," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akayarudia kwa nguvu zaidi ili Maxwel na majirani wasikie. "Yale maneno ya shuleni hakuyasema Shosho. Sikumuuliza hata moja. Niliyatunga mimi, nikamsingizia."

Yule mama wa kanisani alikuwepo. Shiru alikuwepo na mama yake. Wariara aliona macho yao wote, na kila jicho lilimchoma. Alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Lakini alikuwa amekwisha kusema, na yaliyosemwa hayarudi kinywani.

Maxwel alivua kofia yake. "Mathe," alisema polepole, "mimi nimekosa. Nilikata uzi wako kwa sababu ya porojo."

"Ulikata kwa sababu jina langu lilikuwa juu ya porojo hiyo," alijibu Shosho. "Hukukosea. Pakia." Kisha akamgeukia mjukuu wake, ambaye alikuwa akilia huku amekumbatia viazi. "Wewe endelea kuokota. Ukimaliza utakwenda shule, umwambie na Mwalimu. Hilo sitakusemea."

Ilimbidi Wariara asimame mbele ya darasa zima siku hiyohiyo. Alipomaliza kukiri, alingoja kicheko, kama kile alichomcheka Kibii. Hakikuja. Mwalimu Chepkurui aliibandua karatasi ya manjano, akaikunja.

"Nami nina kosa langu," aliwaambia. "Ilinifurahisha, nikaibandika kabla ya kufungua kamusi. Wariara, utaifanya upya. Lakini safari hii utaanzia pale ulipopaswa kuanzia."

Wakati wa mapumziko Kibii alimfuata nje, akampa nusu ya muhogo wake. Wariara alishindwa kuula kwa aibu.

"Nilikucheka sana," alisema.

"Nilisikia," alijibu Kibii. "Kula."

Jioni hiyo Wariara alikwenda jikoni, akaketi karibu na moto. "Shosho," alisema, "neno gunia lilitoka wapi?"

Shosho alifikiri. "Sijui."

"Debe?"

"Sijui, mami. Nimelibeba tu."

"Gari? Chapati? Laki?"

"Laki nimeisikia, sijaishika," alisema Shosho, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akacheka. "Hayo yote sijui. Ungeniuliza siku ile ningekuambia hivyohivyo."

"Ndiyo niliogopa," alisema Wariara, na kichwa kikainama. "Niliogopa uniambie hujui. Nilikuonea haya, Shosho."

Hilo lilikuwa gumu kulisema kuliko yote aliyoyasema barabarani na shuleni. Shosho alichochea moto kwa muda.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kutojua si aibu. Mimi sijui mambo mengi na ninalala usingizi. Gunia lisilojaa ni gunia, mnunuzi ataliona na kujua halijajaa. Lakini wewe ulijaza tumbo la gunia takataka, ukalipamba mdomo, halafu ukalishona kwa uzi wangu. Uzi wangu, Wariara. Watu hawakukuamini wewe, waliuamini uzi. Nimeushona miaka yote hii gunia kwa gunia, nawe uliukata kwa jioni moja. Sema 'sijui' mpaka kinywa kichoke, lakini usiweke uongo kinywani mwa mtu mwingine. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Nisamehe, Shosho."

"Nilikusamehe pale pale shuleni," alisema Shosho. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Jumamosi walikwenda pamoja Nakuru, kwa kuwa Shosho alihitaji uzi wa kushonea. Bwana Jayant alipowaona mlangoni mwa duka lake aliinuka kwenye kiti, akamwomba Shosho msamaha mbele ya wateja. Shosho akamwambia mwenye kuomba msamaha ni huyu hapa, akamsukuma Wariara mbele. Wariara aliomba. Kisha akauliza, na mzee akamweleza kwa furaha kubwa.

Gari, alisema, ni lile *gadi*, mkokoteni wa ng'ombe huko India, na injini ilipokuja jina likahamia kwake. Debe ni *dabba*, kopo au mkebe wa bati. Gunia ni *guni*, mfuko mzito wa kubebea nafaka. Chapati hupigwapigwa kwa viganja mpaka iwe bapa, na jina lake lilitokana na kupigwapigwa huko. Laki ni *lakh*, elfu mara mia, hesabu ya wafanyabiashara tangu zamani.

"Mababu zetu walikuja na vitu, na vitu vikaja na majina yao," alisema. "Ninyi mkavipokea vyote viwili. Siku hizi mimi mwenyewe nasahau ni neno gani langu na lipi lenu."

"Na lumbesa?" aliuliza Wariara. Hilo ni lile gunia linalojazwa mpaka juu ya mdomo, kisha likafumiwa kamba kama kofia, ambalo Shosho alikataa katakata kuliuza; njiani alikuwa ameulizwa asili ya jina hilo, akasema hajui.

Bwana Jayant alifikiri, akatikisa kichwa. "Hilo sijui, binti. Kabisa sijui." Alilisema bila haya yoyote, na Wariara akamtazama kwa mshangao.

Mwalimu Chepkurui alilinganisha maelezo yote na kamusi kabla ya kuruhusu karatasi mpya ibandikwe. Alimwita Shosho shuleni tena, siku ya kawaida isiyo na wageni, akamvisha shuka jekundu mbele ya wanafunzi. "Hatukupi kwa sababu unajua maneno," alimwambia. "Tunakupa kwa sababu mtoto wako alijifunza kwako namna ya kurudi kwenye ukweli, na sisi tukajifunza naye." Kisha akawageukia wanafunzi. "Jina la mtu ni amana. Ukilitumia, litumie kwa jambo alilolisema kweli."

Jumanne iliyofuata Maxwel aliuona uzi mpya wa buluu, akasita kidogo. Wariara ndiye aliyekuwa ameshona gunia lile la mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Shosho akimwangalia. Mishono ilikuwa imepinda.

"Nani ameshona hili?" aliuliza Maxwel.

"Mimi," alisema Wariara. "Ukitaka, limwage."

Maxwel alimtazama Shosho. Shosho alikuwa anaangalia kwingine, shuka jekundu mabegani. "Pakia," Maxwel akamwambia mpakiaji, na gunia likapanda lorini bila kukatwa uzi.

Karatasi mpya bado iko ukutani darasani kwao. Ina maneno sita. Matano yana maelezo, na chini ya kila moja pameandikwa jina la aliyelieleza. La sita ni lumbesa. Kando yake, kwa mwandiko wa Wariara, pameandikwa hivi: "Nilimuuliza Shosho Wariara. Alisema hajui. Nami sijui."